Kithitu cha Kofia Nyekundu

Wananchi wote wa Kasikeu mnatangaziwa, mliookoka, mnaojiandaa kuokoka na mliookoka kisha mkachoka, kwamba Nzioka wa Muthama, mpakaji grisi katika kiwanda cha kuchambulia pamba, mtu wa makamo, meno pungufu, shaka timilifu, aliubeba usalama wa kiwanda kizima mgongoni mwake mwaka ule Ushirika ulipokufa na Kampuni ikazaliwa. Wenye kofia wazivue. Wenye vipara wabaki hivyo hivyo.

Neno "mgongoni" si la kupamba. Subirini.

Nzioka alikuwa mtu wa kushuku. Mvua ikija mapema alisema inatega watu. Akipewa chai iliyokolea maziwa aliuliza nani amekufa. Kanisani alifumba jicho moja tu wakati wa maombi, kwa sababu, alisema, mchungaji naye hafumbi yote mawili. Na umejuaje mchungaji hafumbi? "Tuliangaliana," alijibu. Mkewe Kalondu alikuwa na desturi ya kuonja uji mbele yake kabla ya kumkabidhi kibuyu. Wageni walidhani ni mapenzi. Kalondu alikuwa anaokoa muda.

Kiwandani, hata hivyo, shaka yake ilikuwa imesomea. Aliingia pale kijana, wakati wa Mhindi aliyekijenga. Mhindi alipouza na kuondoka, miaka michache baada ya Uhuru, kulikuwa na hotuba, soda na vigelegele. Soda zilipoisha, ndoo za mchanga wa kuzimia moto nazo zilikuwa zimekwenda. Ushirika ukaingia na ng'ombe wa kuchinja. Halafu Ushirika ukabadilisha viongozi, na sanduku la dawa za majeraha likaonekana nyumbani kwa katibu mpya, mkewe amelijaza nyuzi na vifungo. Kwa hiyo Nzioka akawa na mazoea yake: ukimwambia tajiri amebadilika, haulizi mpya ni nani. Anazunguka kiwanda akitazama ni kitu gani hakipo.

Basi miaka ya tisini ikaingia. Mitumba ilikuwa imeshamvua mkulima wa pamba hadi suruali, na Ushirika ukakata roho bila kuaga. Kampuni ikanunua kiwanda. Ubao wa langoni ulipakwa rangi mara tatu, kwa kuwa Kampuni yenyewe haikuwa na hakika inaitwaje. Kisha akateremka meneja, Waithaka, kijana wa Murang'a aliyepiga tai katika joto lile la Kasikeu ambalo hata mjusi hutafuta pa kuegemea. Alikuwa amehudhuria semina Nairobi. Mtu aliyetoka semina ni kama mtu aliyetoka kuumwa na nyuki: hatulii mpaka amwambie kila mtu.

Juu ya mashine alitundika ubao wenye herufi nyekundu: USALAMA HUANZA NA MIMI.

"Someni!" akasema, akiuelekezea kidole.

Wafanyakazi wakasoma kwa pamoja kama darasa la kwanza. Nzioka peke yake alibaki akiutazama ubao kwa jicho lile la kanisani.

"Bwana meneja," akauliza, "hapo, mimi ni nani?"

"Mimi ni wewe, mzee."

"Mimi ni mimi, ama mimi ni wewe?"

"Kila mtu anayesoma ndiye mimi."

Watu wakacheka. Nzioka hakucheka. Alikwenda nalo nyumbani lile neno, akalala nalo, akarudi nalo. Akaanza kumchunguza meneja mdomo. Na alichogundua ni kwamba Waithaka hakuwahi kuusoma ubao ule mwenyewe kwa sauti, hata mara moja. Alionyesha tu na kusema "Someni!" Waliosoma wakawa mimi. Yeye akabaki meneja.

Sasa, kila mashine pale ilizungushwa na mkanda mpana wa ngozi uliotoka gurudumu la ukutani na kushuka mpaka kiunoni mwa mtu, ukipiga fya-fya-fya mchana kutwa. Mkanda huo haujui nguo na haujui nyama. Ndiyo maana Mhindi, ambaye hakuwa malaika lakini hakupenda damu kwenye pamba nyeupe, aliufunika kwa nyavu za chuma, nzito, zilizofungwa kwa boliti. Asubuhi moja watu walifika kazini wakakuta nyavu hazipo. Mikanda ilikuwa wazi kama mdomo wa mamba.

"Zinachelewesha kufagia manyoya ya pamba," nyapara Musyoka akaeleza. Musyoka alikuwa nyapara wa Mhindi, akawa nyapara wa Ushirika, sasa ni nyapara wa Kampuni. Wengine hubadilika na nyakati. Yeye hubadilisha picha ukutani tu.

"Zimepelekwa wapi?" Nzioka akauliza.

"Mahali."

"Mahali gani?"

"Mahali pake, Nzioka! Wewe ni polisi?"

Nzioka akashuku. Alianza na wanunuzi wa vyuma vikuukuu wa Sultan Hamud, akaenda hadi huko Jumamosi akajifanya anatafuta jembe. Akashuku kanisa, ambalo lilikuwa linajenga lango. Alimshuku hata Mutindi, mama wa chai, kwa sababu tu alikuwa na jiko jipya. Mutindi akamwambia, "Kama unafikiri nimekaanga mandazi na wavu, usile." Kwa siku kadhaa hakula kweli.

Labda shaka ile ingekwisha hivyo, kama shaka zake nyingine, lau si Mbula.

Mbula alikuwa mke wa mwanawe Nzioka, yule aliyefanya kazi Mombasa na kuja nyumbani Krismasi. Kazi ya Mbula kiwandani ilikuwa kufagia manyoya ya pamba chini ya mkanda wa mashine ya pili. Siku hiyo aliinama na fagio lake, leso kiunoni, na upepo wa mkanda ukaiinua ncha ya leso taratibu, kwa heshima kabisa, kama mtu anayetaka kuangalia bei. Kisha ukaivuta.

Mbula akapiga ukelele. Nzioka alikuwa hatua chache tu, na debe la grisi mkononi. Mtu mwingine angemrukia amvute. Lakini katika nyumba ya Mkamba kuna kitu kinaitwa nthoni, ile haya ya baba mkwe na mke wa mwanawe: hamgusani, hamkaliani karibu, na Mungu apishe mbali, mtu hamwoni mke wa mwanawe bila leso. Na leso ndiyo iliyokuwa inaondoka. Nzioka akageuka akatazama ukuta. Akarudi kinyumenyume, mgongo mbele, mkono ukipapasa nyuma kama kipofu anayetafuta mlango, mpaka akaupata ule mkono wa chuma wa kuzimia mashine, akauvuta kwa nguvu zote.

Mkanda ukasita. Leso ikatemwa upande wa pili, imekuwa nyuzi. Mbula akaanguka chali, mzima, na gauni lake limepasuka hadi pajani.

"Mutindi!" Nzioka akaunguruma, macho bado ukutani. "Mutindi we! Mfunike mtoto wa watu!"

Mutindi akaja mbio na gunia. Na ndivyo Nzioka alivyomwokoa mke wa mwanawe bila kumwona.

Meneja akafika. Aliitazama leso, akamtazama Mbula ndani ya gunia, akatikisa kichwa kwa huzuni ya semina.

"Mama, nani alikuambia uvae leso karibu na mkanda?"

"Nani aliondoa wavu?" Nzioka akauliza.

Waithaka akanyanyua kidole kuelekea ubaoni. "Someni."

Kesho yake Mbula akarudishwa palepale na fagio lake. Kazi ni kazi, na Mombasa pesa hazikuwa zinapanda mlima kuja Kasikeu. Lakini kuanzia siku hiyo, kila alipoingia chini ya mkanda, Nzioka aliacha grisi yake akaenda kusimama kati yake na mashine. Alisimama amempa mgongo, uso kwa mkanda, karibu kiasi kwamba upepo wake ulimpepea ndevu. Hawakusemezana. Mbula akisogea kushoto, yeye akisikia fagio, anasogea kushoto. Wavu haukuwepo, basi Nzioka akawa wavu.

"Mzee anacheza ngoma gani hapo?" Musyoka akamcheka.

"Usalama huanza na mimi," Nzioka akajibu. "Si mlisema nisome?"

Hata hivyo mtu hawezi kuwa wavu mpaka uzee. Na kwa kuwa kila mwingine alikuwa ameshashukiwa, zamu ikamfikia meneja. Ila utaingiaje nyumbani kwa meneja? Huwezi kwenda mikono mitupu. Mkamba anayemkaribisha mgeni humpa kuku, na Waithaka alikuwa amekaa miezi bila kupewa hata yai. Nzioka akamwambia Kalondu amshikie kuku.

"Meneja huyo huyo unayesema ni mwizi?" Kalondu akashangaa. "Unampa kuku?"

"Nampa macho yangu niyapitishe getini. Kuku ni tikiti."

"Yupi basi?"

Nzioka akatazama kuku wake. Wote walikuwa wakichakura. Mmoja tu, jike mwekundu, alikuwa amejikunja peke yake kando ya ukuta, mabawa yameshuka, tangu asubuhi.

"Huyo," akasema. Mtu unayemshuku huwezi kumpa kuku wako mzuri.

Waithaka alifurahi mno. Alimshika mzee mkono, akaita mkewe aje aone upendo wa watu wa Ukambani. Mkewe, Wariara, alikuwa mjamzito, tumbo limetangulia, na alimtazama yule kuku kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama Nzioka. "Mbona hapigi kelele?" akauliza.

"Ana adabu," Nzioka akasema.

Wakampeleka nyuma ya nyumba kwenye kuku wa meneja, wale weupe wa kisasa, wanene kama wabunge. Nzioka akainama kuwatazama, akasahau kuinuka. Kuku wale walikuwa wanaishi ndani ya nyavu za chuma, nzito, zenye matundu ya boliti pembeni. Kwenye moja grisi yake mwenyewe ilikuwa bado haijakauka.

"Nyumba nzuri," akasema.

"Nilitengenezewa na fundi," meneja akajibu.

Alipofika nyumbani akamweleza Kalondu. Kalondu akataka waende kwa chifu. "Na shahidi ni nani?" Nzioka akasema. "Kuku? Nikimwita meneja mwizi, kesho mimi na Mbula tuko nyumbani, na mkanda anapewa mke wa mtu mwingine." Akanyamaza na siri yake, akaendelea kuwa wavu.

Wiki hiyo hiyo Waithaka akaleta jambo jipya kutoka semina. Aliwakusanya wafanyakazi wote uwanjani, akaweka juu ya meza kofia ngumu, nyekundu, mpya, inang'aa. Ndiyo ilikuwa kofia pekee Kampuni ilikuwa imenunua. Akaeleza kwamba Kampuni sasa ni familia, na katika familia kila mtu hujilinda. Kila mmoja apite mbele, aweke mkono juu ya kofia, atamke: usalama huanza na mimi, na nikiumia, nimejiumiza mwenyewe.

Uwanja ukawa kimya mpaka mtu angesikia pamba ikianguka.

Waithaka alidhani wameguswa. Masikini, hakujua ameweka nini mezani. Wakamba wana kiapo cha tangu kale kinachoitwa kithitu. Unagusa kitu, unasema neno lako, na ukiwa umedanganya, kitu kile kinakula. Hakina haraka. Huanza na mifugo, kama mgeni anayebisha hodi. Kisha huingia ndani kwa watoto. Kanisa lilishakikataza, na waumini wa Kasikeu hawakiamini kabisa. Hawakiamini wakiwa mbali nacho.

"Asi!" Mutindi akanong'ona. "Tunalishwa kithitu saa nne asubuhi, hata chai bado."

"Hii ni kofia tu!" meneja akasema, akiona watu wanarudi nyuma.

"Kila kithitu ni kitu tu," mtu akajibu kutoka katikati.

Nzioka akapita mbele, mikono mfukoni. "Bwana meneja, kwetu anayeleta kiapo ndiye anayeanza."

Waithaka akarekebisha tai. "Mimi ni msimamizi, mzee. Nasimamia. Siwezi kuanza kuapa mambo ya usalama."

Minong'ono ikazunguka uwanja. Hata Musyoka alisogea kando kidogo, akaacha nafasi kati yake na mkubwa wake.

"Basi usiape hilo kubwa," Nzioka akasema kwa upole wa kutisha. "Apa dogo, watu wako wapate moyo. Gusa tu, useme hujui nyavu zetu ziko wapi."

Dogo kweli. Meneja akaona afadhali. Akabandika kiganja juu ya kofia kama anayepima homa. "Sijui nyavu ziko wapi. Haya, sasa ninyi!"

"Mimi nitaapa nyavu zikirudi," Nzioka akasema.

"Mzee, usipoapa kufikia Ijumaa, Jumatatu usije. Wewe na huyo mama yako wa fagio."

Hivyo mambo yakawa hapo: Ijumaa ikifika, ama nyavu zinarudi, ama Nzioka anaondoka na Mbula anaondoka naye. Na akiondoka, hakuna wa kusimama mbele ya mkanda ule. Nzioka alirudi kwenye mashine, akampa Mbula mgongo, akasimama. Safari hii Mbula alisema, bila kuinua kichwa, "Baba, usisimame karibu sana. Shati lako lina vifungo vilivyolegea."

"Fagia, mama," akasema. Lakini jioni Kalondu alivishona.

Kesho yake asubuhi Mutindi alileta habari pamoja na birika: kuku mmoja wa meneja amekufa. Watu wakatazamana. Siku iliyofuata wakafa wengine, na wengine, shingo zimepinda, miguu juu. Daktari wa mifugo angesema ni kideri, lakini daktari wa mifugo alikuwa Machakos na gari lake halikuwa na mafuta tangu uchaguzi. Kiwandani hakuna aliyetamka neno. Walibadilisha tabia tu. Mutindi hakumpa tena meneja chai mkononi. Aliweka kikombe chini, akarudi nyuma, ndipo aokote. Meneja alipompa mtu mkono, mtu yule alikuwa na manyoya ya pamba viganjani, samahani bwana. Musyoka, ambaye kwa mabwana watatu hakuwahi kukosa ubavuni mwa bwana, alianza kupatwa na kazi upande wa pili wa kiwanda.

"Ni upuuzi!" Waithaka akamwambia Nzioka, ingawa Nzioka hakuwa amemuuliza. "Mimi ni Mkristo na nimesoma."

"Ii," Nzioka akakubali. "Kinaanza na mifugo."

"Nini kinaanza?"

"Hakuna."

Ijumaa ikafika. Nzioka alikuja na koti lake la kanisani, kama mtu anayekwenda kuzikwa au kufukuzwa. Mbula alikuja na leso mpya ameifunga kwa kamba ya gunia. Waliitwa uwanjani. Kofia nyekundu ilikuwa mezani palepale. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuiondoa, hata mlinzi, na ndege alikuwa ameshaibariki.

"Mzee Nzioka," meneja akaanza, sauti imekauka, "unaapa, huapi?"

Kabla hajajibiwa, lango likalia. Mkokoteni ulikuwa unaingia, unasukumwa na vijana wawili wa soko, na juu yake nyavu za chuma zimepangana, manyoya meupe ya kuku yamenasa kwenye matundu. Mbele ya mkokoteni, tumbo limetangulia, Wariara.

Hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa mumewe.

"Kuku wamekwisha," akasema. "Wote. Sasa huyo wa mwisho amekufa, na mwanamke wa jirani ameniambia uliapa nini juu ya nyavu hizi, na kinachofuata kuku. Umegusa nini, baba? Umegusa nini?"

"Mama, hizo ni imani za—"

"Mimi si Mkamba na sijui imani za mtu. Najua nina mtoto humu ndani." Kupitia mlango wa kiwanda uliokuwa wazi akaushika ule ubao kwa macho, akausoma kimoyomoyo, akamgeukia tena. "Hiyo nayo ni yako? Soma."

"Wariara, si mbele ya wafanyakazi."

"Soma kwa sauti!"

Na Waithaka wa Murang'a, mbele ya mpakaji grisi, mfagiaji, mama wa chai, nyapara na ndege, akasoma: "Usalama huanza na mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanasikiliza lile neno la mwisho lilivyotoka katika mdomo mwingine. Nzioka alikuwa wa kwanza kwenda mkokotenini. Aliukagua wavu wa mashine ya pili, akaunusa, akaupangusa kinyesi cha kuku, akaubeba. Kabla ya chai ya saa nne ulikuwa umefungwa kwa boliti, na Mbula alikuwa anafagia bila mtu mbele yake. Alifagia pole pole mara ya kwanza, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Mambo hayakuishia hapo kwa sababu semina haziishi. Jumatatu Waithaka aliwaita wote tena, akiwa amenawiri kidogo. Alitoa hotuba. Alisema katika kipindi hiki cha mabadiliko Kampuni imejifunza kwamba uwajibikaji hauna cheo, kwamba mzee mmoja ameonyesha njia, kwamba kuanzia leo Nzioka wa Muthama ni Afisa wa Usalama wa kiwanda, na akamnyooshea ile kofia nyekundu. Mutindi alipiga kigelegele. Nzioka aliitazama kofia, akaweka mikono mfukoni, hakuipokea. Basi ikawekwa tena mezani.

Meneja akamsogelea. Alitaka kuuliza kwa siri, lakini uwanja mzima ulikuwa umetega masikio, hata Kalondu aliyekuja kuona mumewe akitukuzwa.

"Mzee, niambie kama baba yangu," akasema. "Kuku wangu walikuwa wazima mpaka wiki ile. Nguvu gani imewamaliza? Ni kiapo? Ni Mungu? Maana wa kwanza kufa alikuwa yule mwekundu wako uliyeniletea kwa upendo."

Nzioka akafikiri kidogo.

"Huyo?" akasema. "Huyo alikuja akisinzia."